Kababu zinasambaratika kwenye supu, nifanyeje?

Dada mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ameuliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu ile supu ya kababu ndogondogo yenye mboga za majani na tambi, kwa maelekezo niliyoyakuta kwenye simu. Nilinunua nusu kilo ya nyama ya kusaga, nikachanganya na yai na unga wa ngano, nikafinyanga kababu na kuzitia kwenye maji yanayochemka. Zilipasuka zote. Niliweka na nyanya mbili, mchicha ukageuka rangi ya tope. Tambi nilizitia humohumo, na tulipokaa kula supu ilikuwa imekauka. Napikia watu sita, jiko langu ni la mkaa, na sina friji. Halafu baba watoto hapendi nyama ya ng'ombe. Je, mbuzi atafaa? Naomba unielekeze taratibu."

Marahaba, dada yangu. Umeeleza hatua kwa hatua, na hilo limenisaidia kuona kila mahali supu ilipoharibikia. Maelekezo uliyoyafuata hayakuandikwa kwa ajili ya nyama ya bucha zetu, wala mchicha, wala jiko la mkaa. Asili ya supu hii ni Napoli, kusini mwa Italia, ambako tangu zamani watu hupika mboga za majani zenye uchungu kidogo pamoja na nyama za aina mbalimbali katika chungu kimoja. Waitalia waliohamia Marekani ndio walioizoesha kababu ndogo na tambi ndogondogo, na hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu. Nyama yao ya kusaga ina mafuta mengi, mara nyingi huchanganywa na ya nguruwe, na hutiwa jibini ngumu. Ng'ombe wetu wa Ugogo anatembea kutwa kutafuta malisho. Nyama yake ni tamu sana, lakini ni kavu na nyuzi zake ni ndefu. Inataka matunzo yake yenyewe.

Basi tuanzie bucha. Usinunue nyama iliyokwisha kusagwa na kuachwa kwenye sinia, maana hujui imekaa hapo tangu saa ngapi. Nyama ya kusaga huharibika haraka kuliko kipande kizima kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, mashine inaviingiza ndani. Chagua kipande mwenyewe, iwe Majengo au popote unapoelewana na muuza nyama, kisagwe ukiwa umesimama hapo. Acha steki tupu. Omba bega au shingo pamoja na mafuta yake. Kikiwa kikavu mno, aongezee mafuta, kiasi kwamba katika nusu kilo nzima gramu 75 hadi 100 ziwe mafuta. Asage mara mbili. Mara ya kwanza mashine inakata, mara ya pili inalainisha, na nyuzi za ng'ombe wa kienyeji zinaihitaji sana hiyo ya pili.

Kwa kuwa huna friji, mifupa ya supu ichukue asubuhi, uiweke jikoni, kisha urudi kuchukua nyama ya kusaga supu ikikaribia kuwa tayari. Kuanzia mashine ya bucha mpaka kababu iingie motoni isizidi muda wa saa mbili. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, jua la hapa linapokuwa kali, jitahidi usizidi saa moja.

Sasa kushikana kwa kababu, ambako ndiko kwenye kiini cha swali lako. Kinachoizuia kababu isipasuke ni nyama yenyewe. Ukiitia chumvi na kuikanda, protini zake huyeyuka kidogo na kutoa unato. Unato huo ukipata moto huganda na kufunga kila kitu ndani. Unga wa ngano ulioweka uliingia katikati ya chembe za nyama ukazizuia zisishikane, kisha ulipofika kwenye maji ukalainika na kuachia. Watu wengi wakiona kababu inapasuka huongeza unga, na ndivyo wanavyozidi kuiharibu.

Fanya hivi. Nyama peke yake iweke kwenye bakuli, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukande kwa dakika nne hivi kama unavyokanda unga wa maandazi. Mwanzoni itakuwa chembechembe, halafu utaona inaanza kunata na kugeuka bonge moja. Chukua donge dogo, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja kitazame chini. Likidondoka, endelea kukanda. Likibaki limeng'ang'ania, unato umetoka. Mikono yako ikiwa na joto, ilowanishe kwa maji ya mtungini kila baada ya muda, maana mafuta yakiyeyuka mapema unato haupatikani vizuri.

Hapo ndipo uongeze vingine, na mkate uwe wa kwanza. Vipande viwili vya mkate wa slesi visivyo na kingo, uviloweke kwenye vijiko vinne vya chakula vya maziwa, uviponde mpaka viwe kama uji mzito. Mkate uliolowa hufanya kazi mbili: unashika maji ndani ya kababu ili nyama yetu kavu isigeuke mpira, na unailainisha bila kuivunja. Mkate usipokuwepo, wali uliopoa na kupondwa vizuri, vijiko vitatu vya chakula, unafaa. Unga wa mtama au wa uwele usiuweke; hauwahi kuiva kwa muda mfupi ambao kababu inakaa motoni, na utausikia mchanga mchanga mdomoni.

Yai moja linatosha. Vitunguu saumu punje tatu, uvitwange. Pilipili manga ya kusaga nusu kijiko cha chai. Giligilani ya kukatwa ndogo sana, konzi moja. Kitunguu maji nusu, na hapa nakusihi: vitunguu vyekundu vya Singida tunavyopata sokoni vina maji mengi, na maji hayo yakiingia kwenye nyama hulegeza kila kitu ulichokifunga kwa kukanda. Kikwaruze kwenye kikwaruzio, kikamue kwa mkono, majimaji yake yamwage kwenye sufuria ya supu, na kile kikavu ndicho kiingie kwenye nyama. Changanya vyote haraka mpaka vishikane tu, funika bakuli, acha mahali penye ubaridi dakika 20.

Kabla ya kufinyanga zote, pika moja kwanza. Chota supu kidogo kwenye kisufuria, ichemshe, tia kababu moja kwa dakika nane, uionje. Hapo utajua chumvi, utajua kama inashikana, na ikipasuka bado una nafasi ya kuirudisha nyama na kuikanda tena. Wanafunzi wangu nawalazimisha kufanya hivi kila mara. Kababu moja ni gharama ndogo mno ukilinganisha na nusu kilo ya nyama.

Ukubwa wake usizidi zabibu iliyonona ya hapa kwetu. Chota kwa kijiko cha chai, viringisha kwa viganja vilivyolowa. Utapata karibu 70, na watu sita wakila 10 au 11 kila mmoja wameshiba. Kababu kubwa za kukaanga zina mahali pake, lakini kwenye supu hii kijiko kimoja lazima kiweze kubeba kababu, jani na tambi kwa pamoja.

Tuje kwenye supu yenyewe. Wewe ulitumia maji, na nadhani ndiyo maana ukatafuta nyanya ili upate ladha. Nunua kilo moja na nusu ya mifupa yenye uboho, na ukipata nusu kongoro iongeze humo, kwani ute wa kongoro ndio unaoipa supu uzito bila unga wowote. Mifupa itie kwenye maji ya baridi, lita nne. Ukianza na maji ya moto, uchafu wa damu hugandia kwenye mifupa badala ya kupanda juu. Ikianza kuchemka, povu litapanda. Liengue mpaka liishe. Kisha ndipo uweke kitunguu kimoja, karoti, kipande cha tangawizi, pilipili manga nzima chache na mashina ya giligilani. Funika nusu, punguza moto, acha kwa muda wa saa tatu mpaka nne. Dodoma mjini tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mifupa yetu huchelewa kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Mwenye presha kuka atamaliza kwa saa moja na nusu. Ichuje, ibaki lita mbili na nusu. Chumvi weka mwishoni, na kama maji mnayotumia ni ya kisima chenye chumvi, onja kabla hujagusa kopo. Vidonge vya supu sivikatazi kabisa, ila vina chumvi nyingi. Ukiweka kimoja, chumvi nyingine isiingie mpaka umeonja.

Halafu moto. Kababu zako zilikuwa dhaifu tayari, na maji yaliyokuwa yakitokota kwa nguvu yakazimalizia. Mapovu makubwa huzigonganisha na kuzisugua kabla ya nje yake kuganda. Kwenye jiko la mkaa, sogeza makaa pembeni ili katikati pabaki patupu, ziba mlango wa hewa, na mengine yafunike kwa jivu. Supu iwe inatetemeka tu, kiputo kimoja hapa, kingine pale. Zishushe kababu kwa kijiko moja moja, zote zilale kwa nafasi. Dakika tatu za mwanzo usiguse mwiko. Ukiona lazima uzisogeze, shika masikio ya sufuria uitikise polepole. Zitaelea juu baada ya dakika chache, lakini kuelea peke yake hakumaanishi zimeiva. Zipe dakika nane mpaka kumi, kisha kata moja katikati: isiwe na wekundu popote. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 71 katikati ya kababu.

Wengine huzikaanga kwanza ili zisipasuke. Ukizikanda kama nilivyosema huna haja, na supu itabaki safi bila utando wa mafuta juu.

Kwenye mboga ndiko naona Dodoma inaweza kuizidi hata supu ya kwao, ukichagua vizuri. Mchicha wako uligeuka rangi kwa sababu ya nyanya pamoja na muda. Rangi ya kijani ya majani haipatani na asidi ikiwa motoni. Nyanya ina asidi, na majani yenyewe pia hutoa asidi yanapoiva, ambayo ukifunika sufuria inarudi yote ndani. Kwa hiyo supu hii haina nyanya kabisa, ndimu inakamuliwa kwenye bakuli wakati wa kula, na mboga zikiingia kifuniko kinaondoka. Kuna pia ule mchicha wenye wekundu kwenye shina na majani. Ni mtamu kwa ugali, lakini rangi yake hutoka na kuichafua supu, kwa hiyo chukua wa kijani. Mchicha unataka dakika mbili tu.

Chaguo langu la kwanza hata hivyo si mchicha. Ni figiri. Ule ukali wake mdogo unakata mafuta ya supu na unakaribia uchungu wa mboga wanazotumia Waitalia. Figiri peke yake ikikuwia kali, changanya na chainizi nusu kwa nusu. Mashina ya chainizi yatangulie dakika mbili, majani yafuate dakika moja. Mnafu nao unafaa sana ukiupata, ila uchemshe pembeni kwanza, umwage maji yake, ndipo uutie. Sukuma wiki ikatwe nyembamba kabisa, dakika tano. Matembele machanga, dakika tatu.

Majani ya kunde ni mboga yetu hasa na yana ladha nzito, lakini ni magumu. Yachemshe peke yake dakika kumi kabla ya kuyaingiza. Mlenda usiutie. Naupenda mlenda na nimelelewa nao, lakini utelezi wake utaishika supu yote, na kababu na tambi zitaogelea kwenye utelezi. Bamia vilevile. Magadi nayo, ambayo wengi wetu tunaweka kwenye mboga ili zibaki kijani na zilainike upesi, huku hayahitajiki. Yanalegeza majani mpaka yanakuwa rojo na kupunguza vitamini zake. Kama ulikuwa unafikiria karanga za kutwanga ili supu iwe nzito, hiyo ni mboga nyingine kabisa, ipikie ugali siku nyingine.

Kiasi chake ni mafungu mawili ya sokoni, kama gramu 300 baada ya kuchambua. Na osha kwa kuinua. Namaanisha uyazamishe majani kwenye beseni, uyatikise, uyainue kwa mikono na kuyahamishia beseni la pili, halafu umwage maji ya kwanza. Ukimwaga maji majani yakiwa bado humo, mchanga uliozama unayarudia. Kiangazi, vumbi la hapa tunalijua. Beseni tatu si nyingi. Kata baada ya kuosha.

Tambi ni jambo rahisi: zipike pembeni. Tambi kavu hunywa maji mpaka uzito wake kuwa kama maradufu, na zikikaa kwenye supu haziachi kunywa hata moto ukizimwa. Gramu 200 kwa watu sita, makaroni madogo au tambi ndefu ulizozivunja vipande vya urefu wa sentimita mbili. Zichemshe kwenye maji yenye chumvi, ongeza dakika moja juu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti kwa sababu ya ule mwinuko wetu, chuja, zichanganye na kijiko cha mafuta ya alizeti zisishikane. Wakati wa kupakua zinatangulia kwenye bakuli, supu inamiminwa juu. Zile tambi nyembamba kama uzi, za kupika na sukari mwezi wa Ramadhani, hazifai hapa, zinalainika mno. Ukiwa na jiko moja tu, pika tambi kwanza, ziweke pembeni, ndipo uirudishe supu jikoni.

Jibini ikikosekana supu haipungukiwi kitu cha maana. Siku ukipata ile ngumu inayotengenezwa Njombe, ikwaruze kijiko kimoja kwenye mchanganyiko wa nyama na kingine kwenye bakuli, na chumvi upunguze.

Kinachobaki, bila friji, kiliwe siku hiyohiyo. Kama baadhi ya watu watachelewa kurudi, toa supu yao ikiwa na kababu lakini bila mboga wala tambi. Iache jikoni juu ya moto mdogo isipoe, na mboga uzitie wakifika. Usiiache ipoe kwenye sufuria mpaka asubuhi ukitegemea kuichemsha tena. Nyama ya kusaga haikubali hivyo.

Kuhusu mbuzi: ndiyo, na kwa familia yako mimi ningeanza na mbuzi moja kwa moja. Chukua mbuzi mdogo, bega au paja, na epuka beberu mzee, kwa kuwa harufu yake utaisikia mpaka kwenye tambi. Tofauti ni moja kubwa. Mafuta ya mbuzi huganda upesi supu ikianza kupoa na kunata kwenye kaakaa, kwa hiyo mwambie muuza nyama ayaondoe kabla ya kusaga. Badala yake weka vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti kwenye ule mkate uliolowekwa, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha tangawizi iliyotwangwa. Chumvi na kukanda ni vilevile, ila ongeza dakika moja au mbili mpaka kile kipimo cha kiganja kikubali. Mifupa yake ni myembamba na hutoa ladha haraka. Saa mbili mpaka mbili na nusu zinatosha, na iengue mafuta yanayoelea kabla kababu hazijaingia. Ukitaka kula saa moja jioni, mifupa iwe jikoni saa tisa, nyama ya kusaga ifike nyumbani saa kumi na moja. Bakuli zimiminie maji ya moto kwanza, uyamwage, ndipo upakue, ili supu ya mbuzi ifike mezani ikiwa bado inatoa mvuke.